Miji ya Ziwani Iliyopata Vita

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya baraza la watu wa Kondele, Kisumu.)



Wengi wetu hapa Kondele twalijua Ziwa Victoria kwa samaki wake na kwa pepo zake. Ni wachache waliopata kusafiri kandokando yake kwa nia ya kujifunza. Leo nataka kuwaelezeni habari za miji mitatu ambayo msafiri atokaye Kisumu aweza kuizuru. Kila mmoja uliharibiwa na vita, nao ukainuka tena. Yafaa tujiulize: ni kitu gani kilichouinua?

Mji wa kwanza ni Kisii. Hauko ufukoni, lakini zamani njia yake ilianzia bandari ya Kendu. Mwezi wa Septemba 1914 majeshi ya Wajeremani yalivuka mpaka yakauteka. Askari wa K.A.R. walipakiwa melini hapa Kisumu, wakashuka Kendu, wakapanda milima kwa miguu, na tarehe 12 wakapigana nao. Wajeremani wakarudi kwao. Lakini baadhi ya wenyeji, wakidhani ya kuwa Serikali imekwisha kabisa, walikuwa wamechukua mali mjini. Kwa ajili hiyo nyumba zilichomwa moto na ng'ombe wakatwaliwa. Basi vita ilikuwa ya wageni, na hasara ikawa ya wenye nchi.

Mji wa pili ni Bukoba, ng'ambo ya magharibi. Mwezi wa Juni 1915 meli za ziwa zilitoka Kisumu zimejaa askari badala ya abiria na mizigo. Walishuka alfajiri ya tarehe 22, na kesho yake wakauteka mji. Waliubomoa mlingoti wa simu ya upepo, wakapora maduka na nyumba, kisha wakapanda meli wakaenda zao. Siku mbili zilitosha kuharibu kazi ya miaka mingi. Nasi watu wa Kisumu tukumbuke ya kuwa hasara ile ilitoka katika bandari yetu.

Mji wa tatu ni Kyaka, ulio juu ya mto Kagera. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, na mwanzo wa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walikimbia wakiacha migomba yao na ng'ombe wao. Vita ile iliendelea hata Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Askari wa Tanzania waliokufa wamezikwa Kaboya, na makaburi yao yatunzwa vizuri. Lakini wapagazi wa vita ya 1914, na wengi wao walitoka Nyanza hii yetu, hawakupata makaburi ya namna hiyo. Maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, na kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo.

Sasa nirudi kwenye swali letu. Serikali zaweza kujenga nyumba, na ni jambo jema. Lakini mji hupona hasa siku watu wanapoanza kuvuka tena. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata 1983. Jumuiya ilipoanza upya mwaka 2000, wafanyabiashara walipata njia tena. Leo malori huvuka daraja la Kyaka. Na ile meli ya Victoria, ambayo vipande vyake vililetwa kutoka Glasgow vikaunganishwa hapa hapa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961, ilitengenezwa upya na mwaka 2020 ikarudia safari ya Mwanza na Bukoba.

Atakayesafiri huko nampa mashauri matatu. Kwanza, asiende kutazama magofu kama atazamavyo ngoma. Awaamkie wazee na kuomba ruhusa. Pili, anunue sokoni, iwe ndizi au kahawa ya kutafuna, kwa maana shilingi ya mgeni hujenga kuliko huruma yake. Tatu, asiulize nani alikosa, bali aulize mji ulijengwaje tena.

Swali hilo twaweza kuulizwa na sisi. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, watu wa Kisumu waliuawa, maduka yakachomwa moto, na majirani wa miaka mingi wakafunga virago. Mapatano ya tarehe 28 Februari yaliwapatanisha wakubwa. Lakini aliyefungua tena duka lake karibu na jirani yake, na jirani aliyekwenda kununua kwake, hao ndio walioujenga mji. Kazi hiyo haijaisha, nayo ni yetu sote.