Ufunguo wa Ukumbi: Muziki, Mtaa na Madai ya Haki Mjini Minneapolis



Ukiutaja mji wa Minneapolis mbele ya watu wetu, wengi watakumbuka majina mawili. La kwanza ni la Prince, mwanamuziki aliyezaliwa na kukulia humo, akafariki nje kidogo ya mji mwaka 2016. La pili ni la George Floyd, aliyeuawa na polisi tarehe 25 Mei 2020 kwenye njia panda ya Mtaa wa 38 na Chicago Avenue. Tumezoea kuwasoma katika kurasa tofauti za gazeti: mmoja kwenye burudani, mwingine kwenye habari za siasa. Nimekuja kuwaambia kwamba kurasa hizo ni moja, na nitaanza na kiwanja kimoja kinachothibitisha hilo.

Kiwanja hicho kipo Plymouth Avenue, kaskazini mwa mji. Leo kimejengwa kituo cha polisi. Zamani palikuwa na nyumba iliyoitwa The Way, yaani Njia, na ndani yake vijana walikuwa wakijifunza kupiga gitaa.

Kabla sijaeleza jinsi gitaa lilivyoondoka na polisi wakaingia, naomba tuuelewe mji wenyewe. Minneapolis upo katika jimbo la Minnesota, ukingoni mwa mto Mississippi, katika ukanda ambao Wamarekani huuita Midwest. Una wakazi takribani 430,000. Baridi yake ni kali mno, na jambo hilo lina uzito katika hoja yangu. Kwetu bendi inaweza kufanya mazoezi chini ya mwembe, na mkutano wa mtaa ukafanyika uwanjani mwaka mzima. Kule, kuanzia Novemba hadi Machi, ni vigumu mno kwa asiye na paa kuwa na bendi au mkutano. Kwa hiyo swali la nani anashika ufunguo wa ukumbi si la mwenye baa na mhasibu wake tu. Ndilo swali la nani atasikika.

Agosti 1966 vijana Weusi wa Plymouth Avenue, waliochoshwa na ukosefu wa kazi na kusumbuliwa na polisi, walifanya fujo, maduka yakavunjwa. Wakati huo Weusi hawakufikia hata asilimia 5 ya watu wa mji, na ilikuwa rahisi kwa wakubwa kujifanya hawapo. Baada ya fujo hizo wakazi walifungua The Way, chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Syl Davis. Humo kijana alifundishwa historia ya watu wake ambayo shule haikumfundisha, na alipata chombo cha kupigia na chumba cha kukipigia. Wapo walioiona nyumba hiyo kuwa pango la wachochezi. Mimi naiona kuwa chuo. Baadhi ya vijana waliopita humo walikuja kujulikana dunia nzima, na Prince ni mmoja wao.

Nyumba hiyo haikufanya kazi peke yake. Kumbi nyingi za katikati ya mji hazikuzitaka bendi za Weusi, kwa hiyo bendi hizo zilipiga kwenye vituo vya jamii na kumbi za mitaani, zikishindana mbele ya majirani zao wenyewe. Kulikuwa pia na nyumba za watu. Mama Bernadette Anderson, aliyekuwa na watoto wake sita, alimpokea kijana Prince akaishi kwake, na bendi ikafanya mazoezi chini ya nyumba hiyo. Wanaoandika historia ya muziki hupenda kuanzia kwa mtu mwenye kipaji. Mimi ningependa waanzie kwa mama huyo aliyevumilia ngoma na magitaa chini ya sakafu yake, usiku baada ya usiku, na bado akapika.

The Way ilifungwa katika miaka ya 1980, na mahali pake pakajengwa kituo cha polisi cha wilaya ya nne. Mnamo Novemba 2015, polisi walipomuua kijana Jamar Clark, mwenye umri wa miaka 24, waandamanaji walipiga kambi mbele ya kituo hicho kwa siku 18. Waliota moto wa kuni barabarani na kugawana chakula. Baadhi ya wazee wa mtaa walijua walipokanyaga. Walikuwa wamerudi kwenye mlango uleule, ila sasa ndani hamna gitaa.

Sasa twende katikati ya mji. First Avenue ndio ukumbi wa muziki maarufu kuliko zote huko. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1937 likiwa stendi ya mabasi ya Greyhound, na mwaka 1970 likageuzwa kuwa klabu. Ni humo, tarehe 3 Agosti 1983, Prince alipopiga kwa mara ya kwanza nyimbo kadhaa zilizoingia baadaye katika albamu ya Purple Rain, nyingine zikitumia rekodi ya usiku uleule. Hayo mashabiki wanayajua. Wasichokikumbuka ni kwamba onyesho lile lilikuwa la kuchangisha fedha. Lilifanywa kuisaidia Minnesota Dance Theatre, kundi la dansi la mjini humo ambako Prince na wenzake walikuwa wakipata mafunzo kwa ajili ya filamu yao ya Purple Rain, na lilipata takribani dola 23,000. Rekodi iliyozunguka dunia ilitoka katika harambee ya mtaani. Nalisema hili polepole kwa sababu nimewasikia wanafunzi wangu wakidharau shughuli za harambee, kana kwamba sanaa ya kweli hufanyika kwingine.

Ukumbi huohuo ulipofungwa kwa ajili ya UVIKO mwaka 2020, mmiliki wake, Dayna Frank, aliongoza umoja mpya wa kumbi huru za Marekani uliokuja kuwa na wanachama zaidi ya 3,000. Seneta wa Minnesota, Amy Klobuchar, pamoja na John Cornyn wa Texas, wa chama pinzani, walipeleka muswada bungeni. Mwisho wa mwaka serikali ilitenga dola bilioni 15 kwa ajili ya kumbi, majumba ya sinema na makumbusho. Fedha zilichelewa: mfumo wa maombi ulifunguliwa Aprili 2021, ukakwama siku hiyohiyo. Hata hivyo funzo ni zito. Watu wa muziki, waliozoea kushindana kwa kila tiketi, walikaa meza moja wakaandika barua.

Upande wa kusini pana bustani ya Powderhorn yenye ziwa dogo katikati. Tangu mwaka 1975, mwaka vita vya Vietnam vilipomalizika, Jumapili ya kwanza ya Mei imekuwa siku ya msafara wa MayDay. Uliasisiwa na kundi la maigizo ya vikaragosi la In the Heart of the Beast. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, milango hufunguliwa kwa yeyote. Mtoto, bibi, fundi bomba, wote huchovya karatasi katika uji wa unga, wakaumba vichwa vya wanyama na majitu yanayozidi kimo cha nyumba ya chini. Ujumbe wa mwaka hujadiliwa na watu wa mtaa: maji, vita, uhamiaji, ardhi ya wenyeji wa asili. Kisha msafara hushuka Bloomington Avenue kwa tarumbeta na ngoma hadi bustanini, na huko mitumbwi huvusha jua kubwa jekundu ziwani, watu wakilishangilia kwa sababu baridi imekwisha.

Naupenda msafara huo, lakini sitawaficha kwamba nusura ufe. Mwaka 2019 kundi lilitangaza kwamba haliwezi tena kuubeba peke yake. Gharama zilikuwa zimelizidi, na tena swali la haki liliulizwa ndani: ni nani anayeamua, na ni nani anayelipwa, katika sherehe ya mtaa wenye watu wa rangi nyingi? Kisha likaja janga la UVIKO. Katika miaka iliyofuata wakazi wenyewe waliurudisha, vikundi vingi vikigawana kazi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hali yake bora. Sherehe inayotegemea ofisi moja hufa na ofisi hiyo.

Nimefika sasa kwenye mtaa unaotuhusu kwa karibu zaidi, Cedar-Riverside. Majengo yake marefu yenye vibao vya rangi, kazi ya msanifu Ralph Rapson, yalifunguliwa mwaka 1973. Mpango ulikuwa ni kubomoa karibu mtaa mzima na kuweka maghorofa ya watu 30,000. Wakazi, wengi wao wapangaji maskini, wanafunzi na wanamuziki wa baa za hapo, walikataa wakaenda mahakamani. Ujenzi ulisimama baada ya awamu ya kwanza, yenye nyumba takribani 1,300. Kwa sababu ya kukataa huko mtaa wa nyumba za chini ulibaki, na baadaye ukaipokea redio ya jamii ya KFAI, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1978, kwingine mjini, kwa nguvu ya watu wa kujitolea. Jengo la sinema lililokuwa hapo likawa, mwaka 1989, Cedar Cultural Center, ukumbi wa muziki wa dunia ambao nao hutegemea watu wa kujitolea mlangoni na kwenye viti.

Katika miaka ya 1990 Wasomali waliokimbia vita walianza kuhamia humo. Wengi walikuwa wamepitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya, wengine mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na hadi leo si ajabu kumkuta mwenye duka pale anayeweza kukujibu kwa Kiswahili cha Nairobi. Mwaka 2014 ukumbi wa Cedar, pamoja na chuo jirani cha Augsburg, ulianzisha mradi wa Midnimo, neno la Kisomali lenye maana ya umoja. Wanamuziki wa Kisomali kama Aar Maanta walialikwa, si kupiga usiku mmoja na kuondoka, bali kukaa, kuingia madarasani na kufanya kazi na vijana. Fikirieni maana yake kwa mama ambaye muziki wa ujana wake ulinyamazishwa na vita, kuusikia tena mubashara, mjukuu wake akiwa ubavuni.

Lakini tusidhani kwamba muziki hupatanisha kila kitu. Septemba 2016 mwimbaji K'naan, mzaliwa wa Mogadishu, alipanda jukwaani kwenye sherehe ya mtaa huohuo. Wakati huo alikuwa akiandaa tamthilia ya televisheni ya HBO kuhusu Wasomali wa Minnesota, na vijana wengi waliogopa kwamba ingewapaka rangi ya ugaidi kwa mara nyingine. Walimzomea, onyesho likavurugika, polisi wakanyunyiza dawa ya kuwasha. Wapo waliosema vijana wale walikosa adabu kwa ndugu yao. Mimi sikubali. Jukwaa lilikuwa la mtaa, na hapo ndipo pekee walipoweza kumjibu mtu aliyetaka kuwasimulia. Tamthilia ile haikuendelea. Ninachosikitikia ni ile dawa, kwa sababu watoto walikuwepo.

Nirudi Mtaa wa 38 na Chicago Avenue. Baada ya Mei 2020 wakazi waliziba njia panda hiyo, wakaweka maua, wakapanda mimea, wakasimamisha sanamu ya ngumi. Tangu mwaka 2021 bendi ya matarumbeta iitwayo Brass Solidarity hukutana hapo siku za Jumatatu na kupiga, kiangazi na theluji. Tarumbeta hugandishwa na baridi, lakini hawahitaji umeme, wala kibali cha mwenye ukumbi, wala ufunguo. Watu waliofungiwa milango mara nyingi wametafuta ala zisizo na mlango.

Hata hivyo, hatupaswi kuwaachia watu barabara peke yake. Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ukumbi huu tulioketi ndani yake una jukwaa, vipaza sauti na viti vya kutosha. Kila Ijumaa jioni hufungwa kwa kufuli, na hufunguliwa Jumatatu asubuhi. Ng'ambo ya ukuta wetu kuna vijana wanaofanya mazoezi ya ngoma kandokando ya barabara, magari yakiwapita karibu na miguu. Mimi niko tayari kuja Jumamosi kukaa mlangoni, na wapo wanafunzi wangu waliokwisha kukubali kupanga viti. Tunaomba ufunguo.