Vigae vya Shanga

Wahitimu wetu, majoho haya mmeyapata kwa kuchuchumaa shimoni juani, mkikwangua udongo kwa mwiko wa mwashi, mkiuchekecha, mkiandika namba juu ya kila kigae, hata kisichozidi ukucha. Nasema kazi hiyo ndiyo iliyowarudishia watu wa pwani miji yao. Tarihi ya Kilwa, kumbukumbu ya kale ya masultani wa mji huo, inasimulia kwamba mtoto wa mfalme kutoka Shirazi, Uajemi, alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo, na enzi za ukoloni habari hiyo ilisomwa kama hatimiliki: magofu ya mawe ya Kilwa na Gedi yakahesabiwa kuwa kazi ya wageni. Hoja hiyo haikuvunjwa na hati nyingine. Ilivunjwa Shanga, kisiwani Pate, alikochimba mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe aliikuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwenzake, na wa awali kabisa, wa karne ya 8, haukuwa na jiwe. Yamebaki matundu ya nguzo za miti tu. Na vigae vya tabaka hizo za mwanzo, vingi mno, ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapahapa Afrika Mashariki, ndugu wa vile vyenye nakshi za pembetatu alivyovichunguza mwanaakiolojia Felix Chami katika pwani ya Tanzania.

Mtaambiwa kwamba vinasaba vimewaumbua. Kweli, mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80 wa pwani na jirani zake, na wengi wao walikuwa na asili ya Uajemi, hasa kwa upande wa baba, iliyoanza kuchanganyika na ya Kiafrika mnamo mwaka 1000. Tuukubali bila kinyongo. Tarihi ilikumbuka jambo la kweli. Lakini kufikia mwaka 1000 Shanga ilikuwa na umri wa karne mbili na zaidi. Wageni walioa katika miji iliyokwisha kusimama. Na utafiti huohuo unaonyesha kwamba mama wa watoto wao walikuwa, kwa sehemu kubwa, Waafrika. Tarihi imeorodhesha masultani, mmoja baada ya mwingine. Wanawake hao haikuwataja. Ufinyanzi pwani ni kazi ya wanawake hadi leo, kwa hiyo mnapokigeuza kigae na kuona mkwaruzo wa nakshi shingoni mwa chungu, yamkini mmeshika kazi ya mmoja wao.