Lori Katika Picha ya Babu: Jinsi ya Kulitambua

Nashukuru mmekuja, na zaidi nashukuru mmekuja na picha.

Niliombwa nieleze jambo moja. Mtu akiwa na picha ya mzee wake amesimama kando ya lori la jeshi, atajuaje ni lori gani, na akishajua litamsaidia nini? Wengi wetu tunamtazama mzee, lori tunaliona pambo tu. Lakini mzee alivaa kaptura na shati sawa na maelfu ya askari wenzake, na hakuna aliyemwandika jina kifuani. Lori liliandikwa. Jeshi la Waingereza halikuacha gari bila namba.

Kwanza tujue ni vita gani, maana majumbani mwetu "vita vya Mjarumani" husemwa kwa vyote viwili. Katika vile vya 1914 hadi 1918, mizigo mingi ya Afrika Mashariki ilibebwa na watu. Wapagazi hao wa Carrier Corps ndio waliotuachia jina la Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Malori yalikuwepo, ila machache, na mengi yalikuwa na mpira mgumu usiojazwa upepo, dereva akikaa karibu wazi kabisa. Ukiona tairi nene za upepo na kabini ya chuma yenye milango na kioo cha mbele, hiyo ni picha ya vita vya pili au ya baada yake.

Sasa niwaeleze picha moja. Familia yenyewe imeniruhusu niisimulie bila kuwataja. Babu yao alirudi kutoka vitani akisema yeye alikuwa "askari wa kifaru". Wajukuu wamekua wakijua babu aliendesha kifaru, lile gari la deraya lenye mzinga. Walichonacho ni picha moja ndogo, na ndani yake hakuna kifaru chochote. Kuna lori, na babu amekanyaga ngazi yake.

Tulianza na uso wa lori. Pua yake ni fupi na butu, kama limegonga ukuta. Kioo cha mbele kimelala kinyume na tulivyozoea: juu kimetokeza mbele, chini kimerudi ndani, ili mwanga wa jua uakisiwe kuelekea chini. Hiyo ni alama ya malori ya kijeshi yaliyoundwa Kanada na viwanda vya Ford na Chevrolet, yenye kabini iliyotoka kuanzia mwisho wa 1941. Kwa jumla malori ya jamii hiyo yalipita 400,000, na yalikwenda karibu kila palipokuwa na jeshi la Waingereza. Laiti pua ingekuwa ndefu, usukani uko kushoto na magurudumu ni kumi, tungesema ni GMC ya Marekani. Na kama dereva angekuwa amekaa juu ya injini, uso wote bapa, tungefikiria Bedford QL ya Uingereza.

Hapo kwenye usukani muwe waangalifu. Picha za zamani mara nyingine zilichapishwa kinyumenyume, kushoto kukawa kulia. Tazama herufi kama zinasomeka. Kama hakuna herufi, tazama vifungo vya shati: shati la mwanamume hufunga upande wa kushoto juu ya wa kulia.

Kisha tulisoma namba, iliyopakwa rangi nyeupe ubavuni mwa boneti. Inaanza na L. Katika hesabu ya jeshi la Waingereza L ilikuwa ya malori, Z ya magari madogo zaidi ya mizigo, M ya magari ya abiria, C ya pikipiki. Tarakimu nyingine zimefichwa na goti la babu mwenyewe, na wajukuu wawili wanazozana mpaka leo kama ya mwisho ni 7 au 1.

Jibu la swali lao lilikuwa kwenye madigadi. Pale pana alama ndogo ya mraba ambayo kila mtu aliidhania doa. Tulipoipiga picha kwa simu na kuikuza, tukaona pembe, kisha sikio. Ni kichwa cha kifaru, yule mnyama. Hiyo ndiyo nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Babu hakusema uongo hata neno moja, sisi ndio tuliosikia kifaru kingine.

Na jambo hilo linabadilisha historia ya nyumba nzima. Familia ilidhani babu alipigana na Waitaliano, vita vilivyokuwa karibu nasi: Malindi ilipigwa mabomu na ndege zao Oktoba 1940, na majeshi yaliyotoka Kenya yakaiteka Kismayu Februari 1941 na kuingia Addis Ababa Aprili. Lakini Divisheni ya 11 iliundwa 1943, vita hivyo vimekwisha. Yenyewe ilikwenda Ceylon, kisha Bama. Katika mvua za masika ya huko mwaka 1944 iliteremka bonde la Kabaw, mahali palipojulikana kwa malaria na matope yaliyomeza malori, ikafika Kalewa Desemba. Hapo wahandisi waliweka daraja la Bailey la mita 350 hivi juu ya mto Chindwin, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Fikiria kijana wa visiwa hivi, ambako chombo ni mashua na punda, akipitisha lori hapo.

Kama mna medali sandukuni, zilinganisheni na picha. Nyota iliyoandikwa Africa Star ilitolewa pia kwa waliopigana Somalia na Uhabeshi. Burma Star ni ya Bama. Mtu aliweza kupata zote mbili.

Lakini msiniondokee na haraka. Kusimama kando ya lori si kuliendesha. Watu walipenda kupigwa picha na gari, kama leo. Na baada ya vita malori mengi ya jeshi yaliuzwa kwa raia, kwa hiyo lori la kijeshi lenye bamba la namba za kawaida laweza kuwa la mfanyabiashara wa miaka ya hamsini. Tena picha si hati ya madai. Mtu akikuomba pesa akufuatilie "fidia ya Keya" kwa sababu ya picha, usimpe.

Anayetafuta zaidi aanze na Hifadhi ya Kumbukumbu ya Taifa, Nairobi. Kama mzee alikufa vitani, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina kwenye intaneti, bila malipo. Jaribu tahajia kadhaa, kwani makarani waliandika walivyosikia.

Kuhusu picha yenyewe: ikiwa imegandana na kioo cha fremu, usiibandue, ipige picha hivyo hivyo. Usiitie gundi ya utepe. Iweke mbali na ukuta wenye chumvi na unyevu. Piga pande zote mbili, maana nyuma ndiko kwenye mihuri ya studio na majina. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo alama kama ile ya madigadi itapotea. Na kabla ya hayo yote, keti na mkubwa aliye hai, umwoneshe, urekodi anachosema, hasa maneno yale yale aliyoyasikia kwa mzee, bila kuyasahihisha.

Haya, tuanze na picha zilizo mezani. Mama wa pale nyuma, yako ndiyo ya kwanza.