Mlembe na Maua ya Yaeda

Na tuelekeze fikira wilayani Mbulu, katika bonde la Yaeda, ambako mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu asiyevuta macho ya mpita njia, huitikia mluzi wa Mhadzabe na kumwongoza, mti baada ya mti, hadi penye mbuyu uliofanywa makao na nyuki. Na mtu akiisha kuwatuliza nyuki kwa moshi na kutwaa asali, ndege hupata nta, riziki aipendayo. Mwaka 2023 wataalamu Claire Spottiswoode na Brian Wood walidhihirisha katika jarida la Science kwamba milembe wa huku huuitika mluzi wa wenyeji zaidi kuliko sauti watumiayo Wayao wa Msumbiji, na wa kule vivyo hivyo huifuata sauti ya kwao. Ni maarifa ya ajabu, yenye kustahili heshima. Lakini asili ya asali ni maua, na kila pori la migunga linalofyekwa humnyima nyuki malisho na mlembe kazi yake. Ewe msikilizaji wa Haydom au Katesh, mvua zikinyesha, yatazame maua ya mwitu mpakani mwa shamba lako, na ndege wayazuruo, ukawafundishe wanao majina yao kwa Kiiraqw au Kidatoga.