Nani Anajibu? Haki za Watu wenye Ulemavu na Sauti Yao



Niliwahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja, nyuma ya kijana kiziwi aliyefuatana na mama yake. Muuguzi akamuuliza mama, "Anaumwa nini huyu?" Kijana akashika ubavu wa kulia, akanyoosha vidole vitatu, akaigiza kutapika. Muuguzi alikuwa ameinamia daftari. Mama akasema tumbo, naye akaandika: tumbo. Siku tatu, upande wa kulia, kutapika: yote hayo yalibaki mikononi mwa kijana.

Swali langu leo ni hili. Mtu mwenye ulemavu anapoulizwa, nani anajibu?

Kwa miaka mingi walijibu wengine: familia, misheni, serikali, wafadhili. Sibezi kazi yao. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, iliwafungulia watoto mlango wa kusoma kwa nukta nundu. Ila msaada hutolewa kwa hiari ya mtoaji, haki hudaiwa. Katika miaka ya 1980 watu wenye ulemavu wenyewe wakajipanga katika vyama vyao: CHAWATA Tanzania Bara, na UWZ Zanzibar.

Madai yakazaa sheria. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bara ikapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Mwaka huohuo wa 2010, Katiba mpya ya Kenya, Ibara ya 54, ilitambua haki ya kuitwa kwa namna isiyodhalilisha.

Hapo sisi watu wa lugha tunaguswa. Tumetoka "kilema" tukaja "mlemavu", kisha "mtu mwenye ulemavu", ili utu utangulie. Wapo wanaoilaumu ngeli ya KI-VI, yenye maneno kama kilema na kiziwi, kwa kuwa ndimo vilimo kiti na kisu. Lakini humohumo wamo kiongozi na kijana. Na viziwi wenyewe wamelishika jina lao: chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Basi kabla ya kumsanifia mtu jina, tumuulize analolitaka.

Nanyi wanafunzi wa uuguzi, ualimu na sheria, nawaomba mjifunze Lugha ya Alama ya Tanzania. Anzeni na salamu, namba, na swali la "unaumwa wapi?" Hata kabla hamjaimudu, inueni macho kutoka kwenye daftari. Mwenye jibu amekaa mbele yenu, muulizeni yeye.