Kazi Iliyobaki Baada ya Upasuaji: Mafunzo Kutoka kwa Utafiti wa Graeme Clark



1. Utangulizi

Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikiwapandikizia watoto vifaa vya usikivu, huduma ambayo awali iliwalazimu kuifuata nje ya nchi. Kila inapotajwa, wengi wetu hufikiria chumba cha upasuaji. Mada hii inapitia kazi ya Profesa Graeme Clark wa Australia, na hoja yake ni moja: kilichofanya kifaa hiki kiwe na maana kilipatikana baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa ameketi na kuulizwa anasikia nini.

2. Swali la mtafiti

Clark alizaliwa mwaka 1935 katika mji mdogo wa Camden, New South Wales. Baba yake, mfamasia, alikuwa na usikivu hafifu, na mtoto aliyaona mahangaiko yake mbele ya wateja. Clark akasomea udaktari, akawa bingwa wa masikio, pua na koo. Alikuwa tayari akifanya upasuaji Melbourne alipoacha yote na kurudi Chuo Kikuu cha Sydney kama mwanafunzi wa utafiti. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1969.

Shimesikio hukuza sauti. Humfaa mtu ambaye bado ana seli hai za usikivu ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama nyumba ya konokono. Seli hizo, takriban 15,000, ndizo zinazogeuza mtetemo kuwa ishara za neva. Zikishakufa, ukuzaji hausaidii kitu. Swali la Clark likawa: je, umeme unaweza kuzipita seli hizo na kwenda moja kwa moja kwenye neva?

Mwaka 1957 watafiti Djourno na Eyriès wa Paris walikwisha kuonesha kuwa mgonjwa akipewa umeme husikia kitu. William House wa Los Angeles naye alitengeneza kifaa cha mkondo mmoja. Majaribio ya Clark kwa paka yalimwonesha kwamba mkondo mmoja hautoshi: kuongeza kasi ya mapigo ya umeme mahali pamoja hakuzalishi sauti za juu. Katika koklea kila mahali pana sauti yake, nyembamba karibu na mlango na nzito huko ndani kabisa. Zilihitajika elektrodi nyingi.

3. Njia ya kuingia

Mwaka 1970 Clark alipewa uprofesa Chuo Kikuu cha Melbourne. Fedha zilikuwa haba, na sehemu yake ilipatikana kwa michango ya wananchi kupitia televisheni. Waya wa elektrodi nao ulikuwa ukikwama kwenye kona za koklea. Mwaka 1977, akiwa likizo katika ufuko wa Minnamurra, aliokota kombe na kusukuma majani ndani yake. Jani gumu kwenye shina na laini kwenye ncha lilipinda likaingia hadi ndani. Waya ukatengenezwa kwa mfano huo, na tarehe 1 Agosti 1978 Rod Saunders, aliyepoteza usikivu katika ajali ya gari, alipandikizwa kifaa chenye elektrodi 10.

4. Kumsikiliza mgonjwa

Mwanzoni Saunders alisikia sauti, si maneno. Clark na wenzake, akiwemo mhandisi Yit Chow Tong, wakawa wanachochea elektrodi moja moja na kumwuliza inafanana na nini. Akawajibu kwa irabu: elektrodi hii ilimpa irabu moja, ile nyingine. Watafiti walipolinganisha majibu na mahali pa kila elektrodi, mpangilio ukajitokeza. Kila irabu ina kilele chake cha pili cha masafa: cha /i/ hupita hezi 2,000, cha /u/ hubaki chini ya 1,000. Elektrodi ilitoa irabu ambayo kilele chake kililingana na mahali pale kwenye koklea. Wakaunda kichakataji kinachochota kilele hicho na kuchagua elektrodi inayohusika, huku kiimbo kikiamua kasi ya mapigo. Maneno yakaanza kueleweka.

Mwaka 1985 Marekani iliidhinisha kifaa cha elektrodi 22 kilichotokana na kazi hiyo kwa watu wazima, na mwaka 1990 kwa watoto wa kuanzia miaka miwili. Mwaka 1991 Blake Wilson wa Marekani alichapisha mbinu mpya ya kuchakata sauti. Wagonjwa waliojaribiwa walielewa maneno vizuri zaidi wakiwa na elektrodi zao zilezile. Clark na Wilson, pamoja na Ingeborg Hochmair wa Austria, walipewa tuzo ya Lasker mwaka 2013.

5. Mapendekezo

Kwanza, bajeti ya upandikizaji ijumuishe tangu mwanzo urekebishaji wa kifaa, betri, kebo na vipuri. Mtoto wa Kigoma hawezi kupanda basi kwenda Dar es Salaam kila kebo inapokatika.

Pili, wataalamu wa usikivu na wa tiba ya usemi wasomeshwe kwa idadi inayoendana na ya watoto wanaopandikizwa.

Tatu, mwalimu na mzazi wafundishwe kuandika kila wiki mtoto anaitikia sauti zipi na anakosa zipi. Daftari hilo ndilo litakalomwongoza mtaalamu, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hawezi kujieleza kama Saunders.

Nne, lugha ya alama isisubirishwe. Mtoto anahitaji lugha leo, kifaa kiwepo au kisiwepo.