Chipu Ianzie kwa Mbu: Vihisi Vidogo na Bonde la Kilombero



Katika mkutano mmoja wa wataalamu, mwenzangu ninayemheshimu alisimama akasema sisi wa Kilombero hatuna haja ya kuhangaika na usanifu wa vihisi vya kwenye chipu, vile vya kukadiria umri wa mbu kwa mwanga. Fizikia haina kwao, alisema. Mwanga wa Ulaya ndio mwanga wa Ulanga. Wenye viwanda watakipunguza kifaa hukohuko, kitatufikia kikiwa kidogo na cha bei nafuu, nasi tutakiwasha na kupima. Ukumbi ulimpigia makofi. Leo naijibu hoja hiyo, kwa sababu inasikika kama busara na itatugharimu.

Mambo ya msingi mnayajua. Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo wa kuogopwa ni mbu mzee. Utaujuaje umri wake?

Hapa mnivumilie, maana nafika kwenye makala niipendayo kuliko zote. Mwaka 1965 Gillies na Wilkes walichapisha uchunguzi wao wa umri wa Anopheles gambiae na Anopheles funestus kaskazini mashariki mwa nchi yetu, Tanzania. Walifuata njia iliyofunguliwa na wanasayansi wa Kisovyeti, Polovodova na Detinova: mbu jike akishataga, vijirija vya ovari yake hubaki na kifundo, na kila uzazi huongeza kingine. Basi unamfungua mbu chini ya hadubini, unavuta kijirija kwa ncha ya sindano bila kukikata, unahesabu vifundo. Mkono ukitetemeka, umri umepotea. Wao walifanya hivyo mbu baada ya mbu. Wanafunzi wangu nawapa makala hiyo kabla ya kitabu chochote cha optiki, kwa kuwa inaonyesha utaratibu sahihi: kwanza swali, kisha mahali mwilini panapobeba jibu, ndipo kifaa.

Siku hizi jibu tunalitafuta kwenye gamba la mbu. Mwaka 2009 Valeliana Mayagaya na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walionyesha kwamba infraredi ya karibu inaweza kukadiria umri na spishi bila kumpasua mbu. Baadaye Ifakara na Chuo Kikuu cha Glasgow waliingia kwenye infraredi ya kati, ambako protini, kitini na nta hufyonza mwanga kila kimoja kwa alama yake. Mbu hukaushwa, kichwa na kifua hubanwa juu ya kipande cha almasi, spektra ikatoka.

Sasa tuupime huo mwanga usio na kwao. Mtafiti Emmanuel Mwanga na wenzake waliifundisha kompyuta umri wa Anopheles arabiensis waliofugwa upande mmoja, Ifakara au Glasgow, kisha wakaijaribu kwa mbu wa spishi ileile wa upande wa pili. Kompyuta iliyokuwa hodari nyumbani iliyumba ugenini. Ilipoongezewa spektra za wageni, asilimia 2 tu, usahihi ulipanda hadi karibu asilimia 98. Fizikia haikubadilika, aliyebadilika ni mbu.

Mwenzangu atasema: vizuri, basi tununue kwanza, asilimia 2 tutaongeza baadaye. Hapo ndipo hoja yake inapovunjika. Kifaa cha mezani hurekodi spektra nzima, na ulichokisahau leo utakirudia kesho. Chipu haina nafasi hiyo. Ili iwe ndogo, huchagua mawimbi machache, na mawimbi hayo huchongwa ndani yake. Aliyechagua bila kumwona mbu wako amekwisha kutupa sehemu ya jibu lako, na hakuna programu itakayolirudisha.

Tena chipu rahisi za mwanga zilibuniwa kwa mawasiliano, kwenye mikromita 1.55. Alama kubwa ya protini iko karibu na mikromita 6, na kioo cha silika kinachozunguka njia za mwanga kwenye chipu hizo humeza mwanga kabla haujafika huko. Itabidi kuhamia mata kama jerimaniamu.

Kisha kuna maji. Mvuke nao hufyonza palepale jirani na protini. Masika moja tukiwa kijijini Lupiro, Ulanga, kwenye nyumba iliyopakana na majaruba ya mpunga, punje za silika za kukaushia sampuli zilitoka buluu zikawa waridi kabla hatujamaliza kazi. Mama mwenye nyumba akaniletea kopo la chumvi, limelowa hadi chini. “Mwanangu,” akasema, “msimu huu hata chumvi inalia.” Kwa mhandisi, maneno hayo ni agizo: chipu iwe na njia mbili za mwanga, moja iguse sampuli, nyingine iguse hewa tupu ili mvuke utolewe kwenye hesabu.

Nakubali kiwanda cha chipu hatutakijenga Ulanga. Hakihitajiki: karakana kama ile ya imec, kituo cha utafiti wa chipu kilichoko Leuven, Ubelgiji, huchapa michoro ya watafiti wengi kwenye kaki moja ya silikoni, wakagawana gharama. Nakubali pia kwamba maabara ya Ifakara inafanya kazi nzuri kwa vifaa vya mezani. Pamoja na hayo nashikilia kwamba mchoro wa chipu yetu tuuchore wenyewe.

Na mbu wa kuanzia ni yupi? Mtafiti Kaindoa na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, funestus ndiye aliyebeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi, ingawa arabiensis walikuwa wengi zaidi. Naye funestus ni mgumu kufugwa. Kwa hiyo fedha za kwanza za mradi wa chipu hiyo zisinunue kifaa. Zijenge vizimba Lupiro, wakusanywe majike kutoka majumbani, mayai yao yaanguliwe, na kizazi hicho kipimwe kwa umri unaojulikana, kiangazi na masika. Spektra hizo zikiwa mezani, ndipo tuchague mawimbi ya kuchonga.